Viwavijeshi Huanza na Nondo wa Kijivu

Mkulima akiamka na kukuta mahindi yake yamebaki vikonyo, husema viwavijeshi wamevamia usiku. Kumbe viwavi hao walianguliwa siku nyingi nyuma, humo humo shambani au kwenye malisho ya jirani. Waliokuja usiku ni wazazi wao, na hao hakuna aliyewaona.

Tunayemzungumzia ni kiwavijeshi wa Afrika, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Spodoptera exempta. Asichanganywe na kiwavijeshi vamizi, aliyetoka bara la Amerika na kugunduliwa Afrika mwaka 2016. Yule vamizi hujichimbia ndani ya kiini cha mhindi, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangika kimraba. Huyu wa kwetu hula hadharani na kuhama kwa makundi. Mwaka mmoja wilaya nzima inaweza isimwone, na mwaka unaofuata akaimaliza.

Nondo wake hana la kumvuta mtu macho. Akitandaza mabawa, kutoka ncha hadi ncha ni kama sentimita 3. Mabawa ya mbele ni ya kijivu iliyochanganyika na kahawia. Ya nyuma ni meupe, yenye mishipa ya rangi ya giza. Jike hutambulika kwa kishungi cha manyoya meusi kwenye ncha ya tumbo, na manyoya hayo ndiyo anayoyatumia kufunika mayai yake. Nondo hali majani kabisa. Hunywa maji na nekta ya maua, akaishi takriban siku 10, kisha akafa.

Katika siku hizo chache jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 1,000, kwa mafungu, kwenye majani ya nyasi na nafaka. Mayai huanza yakiwa meupe na hugeuka meusi yanapokaribia kuanguliwa, siku 2 hadi 5 baada ya kutagwa. Vinavyotoka ni viwavi vya kijani, vyembamba kama uzi. Haviwezi kutoboa jani. Huparua upande mmoja tu na kuacha utando unaopitisha mwanga. Mtu anayetembea kandokando ya shamba hatavibaini.

Kuanzia hapo, tabia ya kiwavi hutegemea ana majirani wangapi. Akikua peke yake, hubaki wa kijani au kahawia, mchana akijificha chini ya shina. Wakisongamana, kugusana kwenyewe huwabadilisha: mgongo huwa mweusi tii, ubavuni hutokea mistari ya njano, nao hupanda juu ya mimea na kula mchana kweupe. Weusi huo una faida mbili. Hunasa joto la jua, hivyo kiwavi hukua upesi. Tena viwavi weusi hustahimili zaidi virusi vinavyowaua wenzao. Msongamano ndio unaoeneza maradhi, na mwili hujihami mapema.

Kiwavi hujivua ngozi hadi kufikia hatua sita za ukuaji, kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Sehemu kubwa kabisa ya chakula chake huliwa katika hatua mbili za mwisho, na ndiyo maana shamba huonekana kuteketea ghafla. Hula jamii ya nyasi: mahindi, mtama, uwele, mpunga, ngano na malisho ya mifugo. Mihogo na maharage huachwa. Majani yakiisha, kundi huanza safari ya miguu, na hapo ndipo jina la jeshi linapostahili.

Akishiba, kiwavi huingia sentimita chache ardhini na kuwa pupa. Baada ya siku 7 hadi 12 nondo mpya hutoka usiku, hukausha mabawa, kisha hupaa mamia ya mita juu na kuchukuliwa na upepo. Wanaweza kusafiri mamia ya kilomita. Pepo zinapokutana chini ya mawingu ya mvua, nondo waliotawanyika hukusanywa mahali pamoja na kushuka kwenye majani mapya. Mvua za kwanza baada ya ukame ndizo zenye hatari zaidi.

Wakati wa kiangazi viwavijeshi huishi wachache wachache kwenye maeneo yenye unyevu ya pwani na nyanda za juu. Mvua zikianza, milipuko ya kwanza hutokea mara nyingi Tanzania ya kati na mashariki mwa Kenya. Vizazi vinavyofuata huelekea kaskazini pamoja na mvua hadi Ethiopia, na wengine huvuka bahari hadi Yemen.

Kwa kuwa nondo hutangulia, ndiye anayepaswa kuhesabiwa. Mtego unaotumika una kidonge chenye harufu ya jike. Madume huifuata na kutumbukia chomboni. Katika wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji walianza kuhesabu nondo wenyewe, kupima mvua na kutoa tahadhari papo hapo, bila kungoja taarifa ya makao makuu.

Hata asiye na mtego anaweza kuchukua hatua. Mvua ikinyesha baada ya ukame, kagua shamba na nyasi za kandokando kila baada ya siku mbili au tatu. Fungua majani machanga, tafuta sehemu zilizoparuliwa na viwavi vya kijani. Ukiviona, mwite afisa ugani wakati huo huo, kwa sababu dawa hufanya kazi vizuri viwavi wakiwa wadogo. Wakishanenepa na kuanza kuingia ardhini, kupuliza ni kutupa fedha. Mifugo nayo isipelekwe haraka kwenye ukoka uliotoka kuliwa na viwavi, maana imewahi kufa kwa sumu baada ya kulishwa hapo. Kilichobaki ni kuwaarifu walio upande ambako upepo unaelekea: kizazi kijacho hakitakuwa chako, kitakuwa chao.