AFANDE, URAIA HAUANDIKWI PUANI!

Msomaji wangu, kama wewe ni kijana wa mjini unayepanda Kilema kila Krismasi kula ndizi za bibi, mada ya leo inakuhusu. Hiace ikisimamishwa njiani kushuka Himo, usidhani afande anatafuta leseni na bima tu. Anaweza kuchungulia ndani na kuuliza: "Wewe dada wa nyuma, mwenyeji wa wapi?"

Nimeshamsikia binti jirani yangu kwenye siti akiulizwa hivyo. Kisa? Mrefu, pua nyembamba, lafudhi ya Taveta. Ikabidi akina mama wamtetee: "Huyo mjukuu wetu, tunamjua tangu anabebwa mgongoni!" Afande akacheka, tukaondoka. Je, angekuwa peke yake?

Tuseme ukweli, polisi hawajajitungia kazi. Sheria ya Uhamiaji ya 1995 inawaruhusu kumkamata bila hati mtu wanayemshuku, kwa sababu za msingi, kuwa yupo nchini kinyume cha sheria. Na mkoa huu ni njia ya mawakala wanaosafirisha Waethiopia na Wasomali kwenda Afrika Kusini. Juni 2012, wahamiaji zaidi ya 40, wengi wao Waethiopia, walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, maiti zikatupwa mkoani Dodoma. Lori kama hilo likisimamishwa mapema, roho zinapona.

Lakini jamani, pua ni sababu ya msingi? Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana eneo hili. Mlima ukaenda kwa Wajerumani, Taveta ikabaki kwa Waingereza. Ndugu wakawa wageni. Mpaka leo mama zetu wanavuka Holili kwenda soko la Taveta, na wengine wameolewa hukohuko.

Kukosea si mchezo. Katika Operesheni Kimbunga ya 2013, kule Kagera, Kigoma na Geita, wamo waliofukuzwa huku wakilia kwamba wao ni Watanzania.

Basi kijana, tembea na kitambulisho chako cha Nida, au walau namba yake. Jibu kwa adabu, usimtolee afande Kiingereza, wala usitoe "ya soda". Nawe afande, ukiwa na shaka ya kweli, waachie Uhamiaji wachunguze. Pua zetu ziache, tulizirithi kabla ya mpaka.