Soko la kamera: Giza la Jozani lapima mfuko wa mnunuzi

Mnunuzi anayeuliza ni kamera gani ya dijitali inayomfaa atapata jibu haraka zaidi ndani ya msitu wa Jozani kuliko mbele ya kabati la vioo dukani. Nje, kwenye barabara kuu iendayo pwani ya mashariki, jua la saa nne asubuhi ni kali kiasi kwamba kamera yoyote, hata ya simu ya bei ndogo, hutoa picha safi. Ukiingia hatua mia moja ndani, chini ya mitondoo na michikichi, mwanga hupungua hata mara mia. Hapo ndipo fedha iliyolipwa huonekana ilikokwenda.

Jozani iko kilomita 35 hivi kusini mashariki ya mji wa Zanzibar. Pamoja na Ghuba ya Chwaka ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50, na mwaka 2016 UNESCO iliitambua kuwa hifadhi hai ya dunia. Bidhaa yake kubwa, kwa lugha ya soko, ni kima punju, ambaye porini hapatikani popote duniani nje ya visiwa vya Zanzibar. Sensa iliyotolewa mwaka 2017 ilihesabu zaidi ya kima 5,800. Mgeni hulipa kiingilio ili amwone, na karibu kila mgeni hutaka kuondoka na picha yake. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 730,000 kutoka nje. Si ajabu basi kwamba vijana wengi wanaotembeza wageni wameanza kufikiria kamera kama chombo cha kazi, si pambo la shingoni.

Tatizo ni kwamba wengi hununua kwa kuhesabu megapikseli. Muuzaji anajua hivyo, na ndiyo namba anayoitaja kwanza. Lakini picha ya ukubwa wa karatasi ya A4, iliyochapwa kwa ubora wa juu, inahitaji megapikseli zisizofika tisa, na ya A3 kama 17 na nusu. Kamera nyingi zilizotoka katika miaka kumi iliyopita zina 20 au 24. Namba hiyo imeshatosha, na mnunuzi anayeongeza fedha kwa ajili yake analipia kitu ambacho mteja wake hatakiona.

Namba yenye uzito ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, kilichochukua nafasi ya filamu. Kihisi cha kamera kubwa za bei ya juu ni sawa na filamu ya zamani, milimita 36 kwa 24. Kile cha daraja la kati, kinachoitwa APS-C, ni milimita 22 au 23 kwa 15 hivi. Kamera ndogo zenye lenzi moja ya kuvuta mbali sana, kama Nikon P950 iliyoingia sokoni mwaka 2020 kwa bei ya karibu dola 800, zina kihisi cha milimita sita kwa nne na nusu. Eneo lake ni kama sehemu moja ya kumi na mbili ya kihisi cha APS-C. Kamera hiyo humvuta ndege aliye mbali hadi akaonekana jicho, na kwa kazi hiyo, juani, hakuna ya bei yake inayoifikia. Ndani ya msitu mambo hubadilika. Kima haketi kimya kama mzee barazani. Anaruka, na mwenye kamera anahitaji kasi ya kama sehemu moja ya mia tano ya sekunde ili asitoke kama moshi. Ili kupata kasi hiyo gizani lazima ISO ipandishwe hadi 6400 au zaidi (wenye umri wa filamu watakumbuka ASA 400 ilivyoonekana kuwa nyingi), na kihisi kidogo kwa kiwango hicho hutoa chengachenga tupu.

Swali la pili ni umbali, na hapa Jozani ina ubaya wake na uzuri wake. Kima wa kundi lililozoea watu hushuka karibu kabisa na njia. Wageni hutakiwa wasimsogelee kwa chini ya mita tatu, wala kumpa chakula. Kwa hiyo mpiga picha hufanya kazi kati ya mita tatu na kumi, si mita mia kama katika mbuga za bara. Lenzi kubwa nyeupe za milimita 600 zinazobebwa na wageni wanaotoka Serengeti mara nyingi hubaki ndani ya mikoba hapa, maana humkata kima mabegani.

Hesabu yake ni nyepesi. Kamera ya APS-C yenye lenzi ya milimita 250, kwa umbali wa mita kumi, huona upana wa sentimita 90 hivi. Kima mzima, mwenye mwili wa nusu mita na zaidi bila mkia, hujaa vizuri humo. Lenzi ndogo inayouzwa pamoja na kamera, ile inayoishia milimita 45, kwa umbali huo huo huona upana wa mita tano, na kima huwa doa katikati ya majani. Simu ya kawaida huona karibu mita 14.

Hilo la simu si dogo. Mgeni mwenye simu, akitaka sura ya kima ijae kwenye kioo, hana njia ila kusogea, na akisogea hufika mahali asipotakiwa, mara nyingi huku amegeuka mgongo ili naye awemo pichani. Mtembezaji hulazimika kumvuta shati. Simu za bei ya juu zilizotoka tangu mwaka 2023 zenye lenzi ya kuvuta mara tano humaliza sehemu ya tatizo: kwa mita tatu huona sentimita 90 zile zile. Ila lenzi hiyo ya pili ina kihisi kidogo, na kwenye giza simu nyingi huiacha kimyakimya zikakata kipande cha picha ya lenzi kuu na kukikuza. Mwenye simu huona kima mkubwa kwenye kioo, halafu akifika hotelini akakuza picha hukuta manyoya yamekuwa kama rangi iliyopakwa kwa brashi.

Kwa kijana wa Kitogani au Pete anayetaka kuwauzia wageni picha, faida ipo hapo hapo. Hatashindana na simu kwa picha ya mlango wa msitu au ya njia ya mbao ndani ya mikoko. Picha hizo mgeni anazo tayari, na ni nzuri. Atauza ile ambayo simu haikuipata: kima aliyebeba mtoto, hewani, kati ya matawi mawili.

Sasa bei. Soko la kamera duniani limesinyaa kwa namna ambayo wafanyabiashara wachache walitarajia. Kwa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, kamera za dijitali zilizosafirishwa kutoka viwandani mwaka 2010 zilikuwa takriban milioni 121. Mwaka 2024 zilikuwa kama milioni nane na nusu. Simu ndiyo iliyokula tofauti. Viwanda vimeacha kamera ndogo za bei nafuu na kukimbilia zile za wataalamu, ambako faida bado ipo. Matokeo yake kwa mnunuzi wa Darajani ni kwamba mlango wa kuingilia umepanda. Canon R100, moja ya kamera mpya za bei ya chini zisizo na kioo ndani, ilitoka mwaka 2023 kwa dola 480 bila lenzi huko Marekani. Ukiongeza lenzi, usafiri, kodi na faida ya kila mkono iliopitia, inafika Unguja ikiwa kitu kingine.

Ndiyo maana macho ya wengi yako kwenye mtumba. Kamera za kioo, ambazo Canon na Nikon wameacha kuzitolea matoleo mapya, zinauzwa na wenyewe Ulaya na Ghuba ili wanunue za kisasa, na ndugu wa Dubai au Muscat huzileta kwenye sanduku. Kwa kazi ya Jozani si hasara hata kidogo. Lenzi mpya ya kuvuta iliyotengenezwa kwa ajili ya R100 inaishia milimita 210, na tundu lake likiwa limevutwa mwisho ni f/7.1. Lenzi ya zamani ya 55-250 ya kamera za kioo inafika mbali zaidi na tundu lake ni f/5.6, yaani inaingiza mwanga zaidi ya mara moja na nusu. Chini ya mitondoo tofauti hiyo ni picha au si picha. Aliyenunua kitu kipya amelipa zaidi akapata giza zaidi.

Mwenye fedha ya lenzi moja zaidi atafute ile fupi ya milimita 50 yenye f/1.8. Ni ya plastiki na ni nyepesi. Toleo la Canon la mwaka 2015 lilianza kwa dola 125 tu. Huingiza mwanga kama mara kumi ya ule wa f/5.6. Kwa mita tatu au nne huchukua kima wawili wakichambuana manyoya bila shida. Na jioni hugeuka chombo cha harusi.

Harusi ndiyo inayolipa kodi ya nyumba mjini msimu wa watalii ukilala. Biashara ya picha Mji Mkongwe ni kongwe: A. C. Gomes alikuwa na studio tangu karne ya 19, na Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ikabaki mikononi mwa familia yake. Mteja wa leo haendi studio. Studio humfuata, ndani ya ukumbi wenye taa za rangi, na kwenye shughuli za wanawake ambako mwanamume haingii. Mwanamke mwenye kamera na mdomo wa siri ana soko lake Unguja, na kwake sifa ya kwanza ya kamera si lenzi. Ni kadi mbili ndani ya kamera moja, ili moja ikiharibika picha zisipotee, maana harusi hairudiwi. Sifa hiyo kamera za bei ya chini hazina. Asiye na uwezo nayo abadilishe kadi katikati ya shughuli, na amkabidhi mwenye shughuli kadi zake usiku ule ule. Wateja wa aina hii hawasamehi picha moja iliyoonekana kwenye simu ya mtu asiyehusika.

Wanaochanganya Jozani na pomboo wa Kizimkazi kwa siku moja wana hesabu nyingine fupi. Kamera ndogo ya kuzama majini, kama Olympus TG-6 ya mwaka 2019 au mdogo wake TG-7 wa mwaka 2023, huenda mita 15 chini bila mfuko. Msituni ni dhaifu kwa sababu ya kihisi chake kidogo, lakini mvua ya masika haiiogopeshi, wala kikombe cha maji ya chumvi kikimwagika ndani ya ngarawa. Ni chombo cha pili, si cha kwanza.

Wapo pia wanaohitaji kamera isiyo na mpiga picha. Zile za mtego, zinazofungwa kwenye mti na kujipiga mnyama apitapo, ndizo zilizotoa picha za kwanza za kanu wa Unguja, zilizochapishwa mwaka 2003. Mfanyabiashara asiziingize kwa wingi. Wanunuzi wake ni watafiti, na watafiti huja na zao.

Anayekwenda kukagua mtumba achukue tochi. Aiondoe lenzi, aimulike kutoka nyuma, atazame kwa mbele. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa wa unyevu unaozila kamera za pwani zilizolala kabatini, na lenzi yenye kuvu hairudi kuwa mpya hata ikifutwa. Aulize kamera imeshapigwa mara ngapi. Kamera za daraja la chini kwa kawaida hukadiriwa mibofyo laki moja hivi, na iliyotoka kwa mpiga harusi inaweza kuwa imeshaifikia. Apige picha ukuta mweupe, aikuze, atafute madoa yasiyohama kutoka picha moja hadi nyingine. Betri ya asili na chaja yake ziwepo, kwa sababu za bandia hufa mapema na umeme ukikatika jioni ya shughuli hakuna wa kumlaumu. Kadi ya kumbukumbu ijazwe yote mara moja kisha isomwe yote, kabla ya fedha kutoka mfukoni. Zipo zinazoandikwa gigabaiti 128 zikahifadhi nane tu, na zinaonekana sawa kabisa hadi siku ya kazi.

Baada ya hapo kamera ikae kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko mkali, pamoja na vile vipakiti vya chumvi ya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vipakiti hivyo Darajani hutupwa bure.