Je, Wajua? Kodi na Mzani wa Segera

Ukitoka Chalinze kwenda kaskazini, barabara inakufikisha Segera, wilayani Handeni. Kulia ni Muheza na Tanga. Kushoto ni Korogwe, Moshi na Arusha. Basi likipunguza mwendo, machungwa yanafika dirishani kabla abiria hajanyanyuka kwenye kiti. Kwa dakika chache hapo hukutana mchuuzi, kibarua wa mkonge, mwalimu anayerudi kituoni na tajiri aliyefunga vioo vya gari lake. Wote wanalipa kodi. Je, wanalipa kwa haki?

Je, wajua kwamba malori yanayopita hapa yanatufundisha kodi? Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, lori la ekseli mbili haliruhusiwi kuzidi tani 18, ilhali la ekseli saba huruhusiwa hadi tani 56. Kila lori hupewa mzigo wa nguvu zake. Shika hilo, tutalirudia.

Je, wajua kwamba Waswahili wana majina yao ya matabaka? *Kabwela* ni mtu wa chini. *Mlalahoi* ni yule anayejitupa kitandani hoi kwa kazi. *Mbenzi* alipewa jina na gari lake, Mercedes-Benz. Majina yote matatu yanajibu swali moja: mtu huyu ana nini?

Je, wajua kwamba Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1897? Kibanda cha udongo cha mjane nacho kilihesabiwa. Asiyekuwa na rupia aliweza kulipa kwa kufanya kazi. Lengo halikuwa fedha peke yake. Kodi ilikuwa njia ya kumtoa mtu shambani kwake akafanye kazi ya mwingine.

Je, wajua kwamba mwaka 1907 huko Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, wanaume walipewa kadi iliyowalazimu kumfanyia kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne?

Je, wajua kwamba mkonge uliotapakaa Korogwe na Tanga ulitokana na miche 62 tu? Ndiyo iliyosalia hai kati ya ile aliyoiagiza Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893. Vibarua walioletwa kuukata kutoka mbali waliitwa *manamba*, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba. Tabaka zima likaitwa kwa tarakimu.

Je, wajua kwamba pengo la mishahara liliwahi kupunguzwa kwa makusudi? Mwaka 1977, Mwalimu Nyerere alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, alieleza kwamba kipato cha juu baada ya kodi kilikuwa mara 50 ya kima cha chini mwaka 1961, na kufikia 1976 kilikuwa kimeshuka hadi mara tisa. Kodi ya mapato ilikuwa moja ya nyenzo zilizotumika.

Je, wajua kwamba kodi ya maendeleo, ambayo wananchi waliiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003? Wazee bado wanakumbuka wanaume wakikimbilia porini kila waliposikia mgambo wanakuja. Kodi inayohesabu vichwa bila kutazama mifuko humgeuza maskini kuwa mkimbizi kijijini kwake.

Je, wajua kwamba Tanzania Bara mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi ya mapato? Ukizidi hapo, ngazi ya kwanza ni asilimia 8, kisha 20, kisha 25, na asilimia 30 kwa kinachozidi milioni moja.

Je, wajua kwamba kuvuka milioni moja hakumaanishi mshahara wote utakatwa asilimia 30? Kila ngazi hutoza fungu lake tu. Mwenye kipato cha 1,500,000 kinachotozwa kodi hukatwa 278,000, chini kidogo ya asilimia 19. Mwenye 500,000 hukatwa 18,400, chini ya asilimia 4. Hii ndiyo mizani ya lori: ekseli nyingi, mzigo mkubwa.

Je, wajua kwamba kima cha chini cha kibarua wa shamba kilichoanza kutumika Januari 2023 kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi? Mkata mkonge wa kiwango hicho hakatwi hata senti ya kodi ya mapato kwenye mshahara. Lakini usiseme halipi kodi.

Je, wajua kwamba analipa dukani? Bidhaa ya shilingi 11,800 iliyotozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 ina shilingi 1,800 za serikali ndani yake. Mwenye milioni moja na nusu anatoa 1,800 zilezile. Ukilinganisha na kipato, kibarua amebeba zaidi ya mara kumi ya alichobeba mwenzake. *Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi*; ukiwa kichwani kwako ndipo unaujua.

Je, wajua kwamba machungwa ya Segera na mahindi ya Handeni hayatozwi kodi hiyo yakiwa hayajasindikwa? Ni kinga muhimu, maana kadiri mtu alivyo maskini ndivyo chakula kinavyomeza sehemu kubwa ya fedha zake.

Je, wajua kwamba mwaka 2017 ada ya kila mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, na ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita? Nyongeza hiyo iligusa petroli, dizeli na mafuta ya taa pia. Mama aliyewasha kibatari ili mtoto asome aliongezewa ushuru, na hakuwa na gari.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine aliondolewa ushuru wa mazao? Magunia machache juu ya pikipiki hayakustahili kuzuiwa na kamba ya geti.

Je, wajua kwamba mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayazidi milioni nne kwa mwaka ameondolewa kodi ya mapato? Gawanya kwa siku 365: ni takriban 11,000 kwa siku, na hayo ni mauzo, faida bado. Watu hao ndio waliolengwa na vitambulisho vya wamachinga vya shilingi 20,000 vilivyoanza kutolewa Desemba 2018.

Je, wajua kwamba fiqhi ya zaka katika Uislamu ilizingatia jasho karne nyingi zilizopita? Mazao yaliyonyeshewa na mvua hutolewa moja ya kumi. Yaliyomwagiliwa kwa gharama, nusu ya hapo.

Je, wajua kwamba Julai 2020 Tanzania iliingia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini? Lakini utafiti wa kaya wa 2017/18 ulionyesha kwamba watu 26 katika kila 100 Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima. Nchi inaweza kupanda daraja huku mkata mkonge akibaki pale pale.

Kwa hiyo, ukipita Segera, usimtazame mchuuzi wa dirishani ukadhani wewe ndiye unayeibeba nchi. Sabuni aliyofulia shati lake imeshalipiwa kodi. Ukinunua dukani, dai risiti, ili shilingi aliyotoa mnyonge ifike ilikokusudiwa. Na siku wanasiasa wakija kuomba kura, waulize kodi ipi wanataka kuongeza, ya mshahara mkubwa au ya sabuni. Hakuna dereva wa Segera atakayekubali tani 56 zipakiwe kwenye lori la ekseli mbili.