Mpini wa Breki Usiwe Adui wa Mkono wa Dereva

Bonde la Nyabugogo, jijini Kigali, ni mahali ambapo breki za magari mazito hazipati mapumziko. Barabara itokayo Musanze huteremka kwa kona nyingi kutoka Shyorongi hata kufika Giti cy'Inyoni. Ile itokayo katikati ya jiji hushuka kupitia Muhima. Na ile ya Gatuna, mpakani mwa Uganda, huingia kwa upande wa Gatsata. Zote hukutana karibu na stendi kuu ya mabasi, ambayo wenyeji huiita gare, na hapo lori la saruji, basi la abiria, gari la jeshi na pikipiki ya polisi hugombea nafasi moja. Dereva aliyekwama katika foleni ya mteremko huvuta breki ya mkono, huiachia, husogea hatua chache, kisha huivuta tena.

Tuliitazama kazi hiyo si kwa macho ya abiria, bali kwa macho ya watu ambao siku yoyote wanaweza kuamrishwa kuupeleka msafara mahali pa namna hiyo. Jambo moja lilituvutia. Kabla lori la wastani halijasimama sawasawa mteremkoni, utingo hushuka mbio na kuuliza kwa Kiswahili, lugha ya madereva iliyofanywa pia lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017: "Mzee, niweke jiwe?" Naye dereva hujibu, "Weka." Jiwe ni msaada mwema, wala hatulidharau. Lakini likiwekwa kila mara gari lisimamapo, linatangaza kwamba dereva hauamini mpini ulio karibu na goti lake, na aghalabu sababu ni kwamba mpini huo unamuumiza hata hauvuti mpaka mwisho.

Msomaji asidhani kwamba tunatetea uvivu. Nguvu ya mkono wa dereva ina kipimo chake kinachojulikana. Kanuni namba 13 ya Kamisheni ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Ulaya, ambayo viwanda vingi vya magari huifuata, inataka breki ya kuegeshea ilishike gari lililojaa shehena kwenye mteremko wa asilimia 18. Inasema pia kwamba, ikiwa breki hiyo huvutwa kwa mkono, nguvu itumikayo katika magari makubwa isizidi nyutoni 600. Hiyo ni sawa na kuinua uzito wa kilo 61 hivi, yaani zaidi ya mfuko wa saruji wa kilo 50. Kwa magari madogo ya abiria kikomo ni nyutoni 400. Basi hata gari lililo zima kabisa linaweza kumdai dereva ainue mfuko wa saruji kwa mkono mmoja, hali ameketi. Likiwa bovu, litamdai zaidi. Dereva aliyekwisha kuvuta mara thelathini tangu asubuhi atauacha mpini mahali ambapo maumivu yanaanza, iwapo gari limeshikwa au halijashikwa.

Je, mpini huwa mzito kwa nini? Katika malori ya wastani kama Isuzu Elf na Mitsubishi Canter, na katika Land Rover zetu za zamani, mkono huvuta wenzo, wenzo huvuta waya au fito, na mwishowe viatu vya breki hubana ngoma. Waya uliokauka grisi, au ulioingia maji na kushika kutu ndani ya ala yake, hula sehemu kubwa ya nguvu kabla haijafika kwenye ngoma. Viatu vilivyolika huutaka mpini usafiri mbali, nao kadiri uendavyo mbali ndivyo mkono unavyopoteza nguvu, kwa kuwa kiwiko kimekwisha kurudi nyuma ya kiti. Meno ya kushikia yaliyochakaa humlazimisha dereva kuvuta mara mbili. Magonjwa hayo yote hutibiwa gerejini kwa grisi, waya mpya na marekebisho, wala hayahitaji fundi bingwa. Kitabu cha gari hutaja mpini ulie mara ngapi kabla ya kushika. Dereva na ahesabu, na ikizidi idadi hiyo, aandike katika daftari la gari.

Hapa tunataka kulikemea jambo moja tulijualo vikosini, nalo ni bomba. Mpini ukiwa mzito, askari mwenye akili za haraka huchomeka kipande cha bomba ili wenzo uwe mrefu. Kweli mkono hupumzika, lakini waya uliotengenezwa kubeba nguvu ya mkono sasa unabeba maradufu. Hunyooka, nyuzi zake huanza kukatika moja moja ndani ya ala ambako hakuna jicho lifikalo, na siku utakapokatika, gari litakuwa mteremkoni, kwa kuwa ndiko breki hiyo huvutwa kwa nguvu zaidi. Bomba huondoa maumivu na kuacha ugonjwa.

Katika magari hayo tuliyoyataja, breki ya mkono haishiki magurudumu moja kwa moja. Hushika ngoma iliyo nyuma ya gia, kwenye shafti inayopeleka nguvu nyuma. Kwa hiyo askari aliyepasukiwa na tairi la nyuma, akavuta breki barabara kisha akalipiga jeki gurudumu moja, anaweza kushangaa kuona gari linaondoka: difu huliruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka kinyume, na lile lililo chini kubingirika. Hapo hata mkono wa pahalwani haufai kitu. Kabari huwekwa kwanza, jeki baadaye. Tena breki ya namna hiyo haivutwi gari likiwa katika mwendo ila kwa dharura, kwa maana huipa shafti na gia mshtuko mkubwa.

Kwa magari makubwa zaidi, kazi ya kuupumzisha mkono ilianza zamani, tena si barabarani bali kwenye reli. Katika Marekani ya karne ya 19, treni ilisimamishwa na wafanyakazi waliopita juu ya mabehewa wakizungusha magurudumu ya breki kwa mikono, behewa baada ya behewa, katika mvua na barafu, na wengi waliangukia kati ya mabehewa. George Westinghouse alipata hataza ya breki ya hewa mwaka 1869, na mwaka 1893 sheria ya nchi hiyo ikaamuru breki ya namna hiyo itumike. Hewa iliyoshindiliwa ikafanya kazi ya mikono mingi.

Malori yenye tela yaletayo mizigo Kigali kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa hutumia hewa vivyo hivyo. Kompresa hujaza matangi, kwa kawaida mpaka shinikizo la bari 8 hivi. Kwa breki ya kuegeshea, hewa haibani bali hufungua: ndani ya chemba za breki mna springi zenye nguvu nyingi, na hewa huzizuia zisibane. Dereva asogezapo kile kitasa kidogo, hewa hutoka kwa mlio tunaoujua sote, nazo springi hushika. Nguvu ya vidole viwili yatosha kulizuia gari la tani nyingi, na dereva mwembamba, mwanamume au mwanamke, hulingana na mwenye misuli.

Lakini wepesi huo una gharama ambayo, kwa maoni yetu, haifundishwi vya kutosha. Mpini wa waya humpa dereva habari: ukilegea au ukikaza, kiganja hujua. Kitasa cha hewa ni chepesi vilevile, viatu vikiwa vizima au vimelika, ngoma ikiwa baridi au imeungua. Mkono uliopumzishwa hauna habari tena, na kazi yake yapasa ipewe jicho na sikio. Dereva aitazame geji ya hewa kabla ya kuondoka. Katika magari mengi taa au king'ora hulia shinikizo likishuka hadi bari 4 au 5, na likizidi kushuka springi hushika zenyewe, hata katikati ya barabara. Maji yatolewe katika matangi kila siku. Gari likiwa limeegeshwa, dereva atie gia ya chini na kuachia klachi taratibu kidogo: likisogea, breki haishiki, hata kama kitasa kimelala mahali pake.

Baadhi ya malori yana pia kitasa cha mkono kinachofunga breki za tela peke yake. Ni kitu kitamu kwa mkono, na ndiyo maana hutumiwa vibaya. Anayekivuta njia nzima kutoka Shyorongi huzichemsha breki za tela hata zikapoteza uwezo wa kushika. Na anayekitumia kuegeshea hulitegemea gari juu ya hewa inayoweza kuvuja polepole wakati yeye anakula. Mteremko mrefu hupunguzwa kwa gia ya chini iliyoingizwa juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka, pamoja na breki ya ekzosi ikiwapo.

Umbo la mpini lisipuuzwe. Chuma chembamba kilichovuliwa mpira hukata kiganja. Mshiko wenye unene wa kati ya sentimeta 3 na 5, usioteleza kwa jasho, hueneza nguvu katika vidole vyote. Zile Hilux za zamani ambazo polisi wanazifahamu, zenye mpini kama wa mwavuli chini ya dashibodi, huchosha kifundo cha mkono kwa kuwa huachiwa kwa kusokotwa. Mshiko mpya huvalishwa baada ya waya kutiwa grisi na viatu kurekebishwa, wala si badala yake.

Limebaki suala la upande. Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara, na magari yake kwa kawaida yana usukani kushoto. Tanzania, Kenya na Uganda ni kinyume. Dereva aliyezoea kuitafuta breki kwa mkono wa kushoto, akikabidhiwa gari la huko, huenda akapapasa mlango wakati wa dharura. Huyo apewe nafasi ya kukaa kitini kabla ya safari, magurudumu yakiwa na kabari, avute na kuachia mpaka mkono wa kulia uende wenyewe bila kutafuta.