Mizani Mvuani: Kebo Inavyoikataa Kelele

Swali ambalo wapiga muziki wanaojitengenezea studio chumbani hulileta kila mara ni lile la kebo: mtu amekwisha kununua spika mbili za studio, anacho kidhibiti cha DJ ambacho ndani yake mna kadi ya sauti, na anapofika dukani anaonyeshwa kebo za kila namna kwa bei zisizokaribiana, bila kuambiwa zinatofautiana kwa nini. Maelezo ya dukani kwa kawaida huishia kwenye dhahabu ya plagi na unene wa mpira. Dhahabu haishiki kutu, na kwa aliye Tanga au Lamu, ambako hewa ya chumvi hula kila chuma, hilo si jambo dogo. Lakini haiongezi utamu wowote katika sauti, na mpira mnene huisaidia kebo isikatike inapokanyagwa, basi.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha tatizo lilipo. Kidhibiti cha Pioneer DJ kiitwacho DDJ-400, kilichotoka mwaka 2018, hutoa sauti kwa matundu mawili ya RCA, jekundu na jeupe, ambapo spika ya Yamaha HS5 ina tundu la XLR lenye pini tatu na tundu la plagi nene ya milimita 6.35, na haina RCA hata moja. Kebo ya RCA ina waya mmoja wa katikati unaobeba sauti na ngao ya nyuzi za shaba iliyouzunguka, na ngao hiyo hulazimika kufanya kazi mbili kwa pamoja, yaani kuzuia kelele ya nje na kuurudisha mkondo wa sauti ulikotoka. Kebo ya XLR ina nyaya mbili ndani ya ngao, kwa hiyo ngao hubaki na kazi moja tu. Tofauti hiyo ya waya mmoja ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa karibu.

Umeme wa nyumbani katika Afrika Mashariki hugeuza mwelekeo kwa kiwango cha hezi 50, na kila waya uliomo ukutani, kila feni na kila chaja hueneza uga wa umeme na sumaku unaocheza kwa mwendo huohuo. Kebo iliyolala karibu huunasa uga huo kama antena, na matokeo yake ni ule mvumo mzito unaosikika muziki unaposimama, ambao uko jirani na noti za chini za gita la besi na kwa hiyo hauwezi kuchujwa bila besi yenyewe kuumia.

Dawa ya mvumo huo inajulikana tangu enzi za simu za kwanza, lakini jina lake la Kiswahili bado linayumba. Wako wanaosema kebo linganifu na wako wanaosema kebo iliyosawazishwa, na yote mawili yana kasoro ileile, kwani humfanya msikilizaji adhani kwamba kinacholingana ni sauti inayopita katika nyaya mbili. Kinacholingana ni nyaya zenyewe, pamoja na impidensi zake, yaani jumla ya vikwazo ambavyo mkondo unaogeukageuka hukutana navyo kuelekea ardhini. Neno linalofaa zaidi limekwisha kuwa sokoni kwa karne nyingi: kebo ya mizani. Katika mizani ya vitanga viwili, haki haitokani na bidhaa iliyowekwa juu yake. Hutokana na mikono miwili yenye urefu mmoja.

Mfano huu unaweza kubebeshwa mzigo mkubwa zaidi. Muuza sukari anayetumia mizani ya springi, ile ya kuning'iniza yenye kitanga kimoja, akishikwa na mvua atamuuzia mteja maji kwa bei ya sukari, kwa sababu springi haijui kutofautisha tone na punje. Hiyo ndiyo kebo ya RCA. Jirani yake mwenye mizani ya vitanga viwili haogopi mvua, kwani maji hujaa kitanga cha kulia kama yanavyojaa cha kushoto, na mshale, ambao huonyesha tofauti peke yake, hausogei. Spika yenye tundu la XLR ina mshale wa aina hiyo: sakiti yake ya kupokea huchukua volti ya waya wa kwanza na kuiondolea volti ya waya wa pili, na kelele iliyoziingia nyaya zote mbili kwa kipimo kimoja hujifuta yenyewe. Sakiti ikiikandamiza kelele hiyo kwa desibeli 60, kinachobaki ni sehemu moja ya 1,000. Vifaa vingi hutuma katika waya wa pili nakala ya sauti iliyopinduliwa, na huko ni sawa na kuongeza robo kilo kitanga hiki huku robo nyingine ikitolewa kile, hata mshale ukaenda mara mbili. Faida ya ziada hiyo, lakini si ndiyo inayoikinga sukari na mvua. Hata kitanga kimoja kikiwa kitupu kabisa, mvua itaendelea kujifuta, mradi mikono iwe sawa. Mkono mmoja ukirefuka kidogo, maji huanza kuwa na uzito.

Imebaki kuhakikisha kwamba mvua inanyesha sawasawa pande zote, na hapo ndipo unapoingia ufundi wa msokota kamba. Simu za awali zilitumia waya mmoja na kuiachia ardhi ndiyo irudishe mkondo, na laini zilizopita karibu na nyaya za telegrafu zilijaa mikwaruzo. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipata hataza ya nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Katika kila mzunguko wa msokoto, waya uliokuwa karibu na chanzo cha kelele humpisha mwenzake, na mwisho wa safari kila mmoja umelowa kama mwingine. Mtu akichuna mpira wa kebo nzuri ya maikrofoni leo ataukuta msokoto huohuo, pengine umejazwa nyuzi za pamba ili usilegee.

Kwa mwenye DDJ-400, basi, nusu ya mizani iko tayari ndani ya spika, na kosa la kawaida ni kuitupa kwa kununua kebo isiyofaa. Kebo nyingi za dukani zenye RCA upande mmoja na XLR upande wa pili zina waya mmoja ndani, na pini ya 3 imeunganishwa na pini ya 1 palepale kwenye spika. Hiyo ni springi iliyovishwa kanzu ya mizani. Ya kutafutwa, au ya kumpa fundi aichomee, ni ile ya nyaya mbili ndani ya ngao: waya wa kwanza unatoka kwenye ncha ya katikati ya RCA kwenda pini ya 2, wa pili unatoka kwenye kikombe cha nje cha RCA kwenda pini ya 3, na ngao inaunganishwa na kikombe hichohicho upande mmoja na pini ya 1 upande wa pili. Waya wa pili haubebi sauti yoyote, kwa kuwa ndicho kitanga kitupu kilichotegwa mvuani. Huipelekea spika habari za hali ya ardhi ilivyo kule kwenye kidhibiti, na spika huiondoa hali hiyo katika hesabu. Mikono hailingani sawasawa hapa, lakini kwa meta tatu inatosha.

Unene wa shaba usimsumbue mtu, kwa kuwa spika za aina hii zina amplifaya ndani yake na kebo haibebi nguvu.

Mvumo ukibaki hata baada ya hayo, mara nyingi chanzo ni ardhi ya umeme inayofika kwa njia mbili, moja kupitia chaja ya kompyuta na nyingine kupitia spika, na tiba ya kwanza ni kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Waya wa ardhi ndani ya plagi ya pini tatu haukatwi kwa sababu yoyote ile. Jaribio la kumtambua mkosaji ni la dakika moja: muziki usimamishwe, spika ziachwe zinawaka, kisha chaja ichomolewe na kompyuta itumie betri. Mvumo ukinyamaza papo hapo, chaja ndiyo iliyokuwa ikivuma. Ukiendelea vilevile, ishikwe plagi ya RCA na kutikiswa kidogo, kwanza ya kushoto, kisha ya kulia.