Mkulima, Usiusahau Mwili Wako Kazi Zinapokuwa Nyingi

Mkulima wa Nyeri hangoji ng'ombe wake augue ndigana ndipo atafute dawa ya kupe. Humwogesha kwa siku zake hata akiwa mzima, na hakosi kumkama asubuhi na jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini mtu huyo huyo akiambiwa na daktari ameze kidonge kila siku, mara nyingi husahau kabla ya mwezi kwisha. Yafaa tujue sababu yake, na njia ya kulirekebisha jambo hili.

UGONJWA USIOPIGA HODI

Mwezi wa Desemba 2018 Serikali ilianza kujaribu mpango wa matibabu kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Nyeri ilichaguliwa kwa ajili ya wingi wa magonjwa yasiyoambukizwa, kama shinikizo la damu na kisukari.

Shinikizo la damu ni adui wa siri. Mwenye nalo aweza kulima, kuchuma chai na kwenda sokoni Karatina bila kuumwa popote. Huku ndani mishipa yaharibika, na baada ya miaka huja kiharusi, au moyo na figo hushindwa kazi. Kipimo kikionyesha mara kwa mara 140 kwa 90 au zaidi, ni lazima kumwona daktari.

MAMBO YANAYOTUSAHAULISHA

Tangu Oktoba hadi Desemba kahawa huiva kwa wingi. Kahawa iliyochumwa yapasa kufika kiwandani na kumenywa siku hiyo hiyo. Basi mtu hutoka alfajiri akarudi usiku. Mara kuna mkutano wa chama, mara matanga, mara simu ya mkononi inalia. Kila jambo lina haki yake. Lakini simu hupiga kelele, na mshipa wa damu haupigi. Hiyo ndiyo sababu ya kusahau, wala si uvivu.

NJIA ZA KUFUATA

Kwanza, iunganishe dawa na kazi isiyokosekana. Saa za kukama ni zile zile kila siku. Ukiisha kukama na kunawa mikono, meza kidonge papo hapo. Asiye na ng'ombe atumie chai ya asubuhi. Kama daktari amekupa saa maalum, fuata hiyo.

Pili, tia alama katika kalenda ya ukutani kila umezapo, kama uandikavyo kilo za maziwa. Nafasi tupu itakuonya, na watu wa nyumbani wataiona pia.

Tatu, ukiwa na safari, tia vidonge mfukoni tangu jioni. Ukikosa siku moja, usimeze viwili pamoja siku ya pili. Wala usiache dawa kwa kuwa kipimo ni kizuri, maana huenda uzuri huo ni kazi ya dawa yenyewe. Usiazime dawa ya jirani.

Nne, punguza chumvi. Mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate. Githeri ikiisha kutiwa chumvi jikoni, usiongeze mezani.

Tano, pimwa hata kama huumwi. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ilianza kuwagawia wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye vyombo vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Mwulize mhudumu wa kijiji chako.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiharusi kimoja chaweza kumlaza mkulima katikati ya mavuno, na fedha za kahawa zikaishia hospitalini. Leo jioni, kabla ya kukama, viweke vidonge vyako karibu na mahali unaponawia mikono, juu, watoto wasikofika.