Nukta Sita na Somo la Hisabati: Mwanafunzi Asiyeona Katika Elimu ya Juu

Mwalimu anaandika ubaoni, kisha anasema: "Basi hii ukiigawanya kwa ile, unapata hii." Wanafunzi wanaoona wameelewa, kwani macho yao yalikifuata kidole chake. Mwanafunzi asiyeona hakuambulia kitu, ingawa masikio yake ni mazima na akili yake ni kali. Kwa sababu kama hizi wanafunzi wengi wasioona huambiwa mapema kwamba sayansi si fungu lao. Katika makala haya tutaonyesha kikwazo hasa kiko wapi, na jinsi kinavyoweza kuondolewa.

Maandishi ya nukta nundu

Mwaka 1824 Louis Braille, kijana Mfaransa wa miaka 15 aliyepofuka tangu utotoni, alikamilisha msingi wa maandishi yanayosomwa kwa ncha za vidole. Kila alama hukaa katika kijumba chenye nafasi sita: 1, 2 na 3 upande wa kushoto kutoka juu kwenda chini, na 4, 5 na 6 upande wa kulia. Herufi a ni nukta 1. Herufi b ni nukta 1 na 2. Kwa kuwa kila nafasi ama ina nukta ama haina, michanganyiko yote ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 64. Ukiondoa kijumba kitupu, hubaki alama 63.

Alama hizo zatosha kuandika barua au hadithi. Hisabati hudai zaidi: tarakimu, herufi za Kigiriki, vipeo, vipeuo na mabano. Tena nukta nundu hufuata mstari mmoja, ilhali sehemu huandikwa kwa kupandanishwa, kiasi juu na asili chini.

Kazi ya Abraham Nemeth

Abraham Nemeth (1918–2013) wa Marekani alizaliwa haoni. Alipenda hisabati, lakini washauri wake walimwelekeza kwenye saikolojia, akapata shahada ya uzamili katika somo hilo mwaka 1942. Baadaye aliirudia hisabati, na kwa kuwa hakuridhika na alama zilizokuwapo, alibuni zake. Mfumo wake ulikubaliwa rasmi nchini Marekani mwaka 1952. Alifundisha Chuo Kikuu cha Detroit kuanzia mwaka 1955 kwa muda wa miaka 30.

Siri ya mfumo huo ni kutoacha jambo lolote likisiwe. Tarakimu hushushwa safu moja katika kijumba ili zisichanganywe na herufi: 1 ni nukta 2, na 2 ni nukta 2 na 3. Sehemu nayo hupewa alama ya kuifungua, alama ya mstari wa kugawanya, na alama ya kuifunga. Hivyo kidole hujua sehemu imeanzia wapi na imeishia wapi.

Mambo ya kufanya chuoni

Vyuo vikuu vingi, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vina huduma kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Hata hivyo, huduma huwafaa zaidi wale wanaozijua na kuziomba mapema. Mwanafunzi hana budi kuzingatia haya:

1. Ajitambulishe kwa wahusika kabla ya masomo kuanza. Ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida waweza kuwa kurasa mbili au tatu za nukta nundu. Kitabu kilichoombwa wiki ya mtihani hakitakuwa tayari.

2. Aombe notisi katika maandishi ya kompyuta. Programu ya kusoma skrini, kama vile NVDA inayotolewa bure, hutamka maandishi. Lakini mlinganyo uliobandikwa kama picha tu huenda usitamkwe kabisa.

3. Akubaliane mapema na wahadhiri kuhusu mtihani: karatasi ya nukta nundu, msomaji, au muda wa nyongeza. Muda huo si upendeleo, kwani kidole husoma polepole kuliko jicho.

4. Ashike nukta nundu hata akiwa na kompyuta. Sauti hupita, mlinganyo mrefu wahitaji kurudiwa na kupapaswa.

Msingi hujengwa sekondari

Anayefika chuo kikuu bila kuzijua alama za hisabati amechelewa mno. Kwa hiyo kazi huanza kwa mwalimu wa sekondari. Grafu yaweza kutengenezwa kwa uzi uliogandishwa kwa gundi juu ya karatasi ngumu. Lililo kubwa zaidi, mwalimu atamke kila anachoandika.

Jaribio lifuatalo litaonyesha umuhimu wake. Mwombe mwenzako akupe mgongo, kisha msomee: "Eksi jumlisha moja, gawanya kwa mbili," eksi ikiwa 3. Akijumlisha kwanza atapata 2. Akigawanya moja kwanza atapata 3.5. Sasa msomee tena: "Fungua sehemu, juu, eksi jumlisha moja, chini, mbili, funga sehemu." Jibu ni moja tu, 2. Maneno machache yameongezwa, na asiyeliona ubao ameipata hesabu sawasawa na wenzake.